Maji ndani ya gari: yanapotua siyo yanapoingilia

Masika yakishika Dar es Salaam, karakana yetu hupokea wageni wa namna moja. Linaingia gari dogo la mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, Vitz, IST au Honda Fit, vioo vimefunga ukungu kwa ndani, na mlango ukifunguliwa uvundo unatoka kabla ya mwenye gari. "Fundi, gari linaingiza maji." Namuuliza kama limeshapakwa silikoni. Jibu ni ndiyo karibu kila mara, na mara nyingi limepakwa zaidi ya mara moja.

Maji hutembea. Yakipenya kwenye kona ya taa ya nyuma hushuka ndani ya bodi, hufuata mshono wa bati, hupita chini ya kapeti, kisha hutuama kwenye shimo la tairi la spea. Gari likiegeshwa mteremkoni yataelekea viti vya mbele. Ukipaka silikoni palipolowa umeziba mwisho wa safari, na mlango yalikoingilia umeuacha wazi.

Magari haya ni ya umri. Vitz ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1999, Fit ikafuata 2001, IST 2002. Kwa miaka ishirini na zaidi raba za milango zimekakamaa, na ile gundi ya kiwandani iliyozibia mishono ya bati imekauka na kupasuka. Isitoshe, nyuma kwenyewe kuna matundu mengi: ya bawaba, ya nyaya zinazopita kwenye paa, ya waipa, ya mpira wa maji ya kuoshea kioo, ya taa. Na kwa kuwa buti na sehemu ya abiria ni chumba kimoja, maji yaliyotuama chini ya spea yanatosha kukufungia ukungu kioo cha mbele alfajiri.

Nieleze gari moja lililonifundisha kuuliza kabla ya kushika bisibisi. Lilikuwa Vitz la mwalimu wa sekondari. Sakafu ya mbele kushoto, anapokaa abiria, ililowa kila mvua iliponyesha. Fundi wa kwanza alisema ni kioo cha mbele, akakizungushia silikoni. Wa pili alisema ni AC. Wa tatu alitoboa sakafu kwa drili ili maji yapate pa kutokea.

"Mwalimu, siku za jua panalowa?"

"Hapana, fundi. Mvua tu."

"Kuna kitu ulifungiwa kwenye gari kabla tatizo halijaanza?"

Akafikiri kidogo. "Labda spika."

Hapo inabidi nieleze mlango wa gari ulivyoundwa, maana watu wengi hawaamini: mlango huingiza maji siku zote, na umetengenezwa hivyo. Ile raba nyembamba inayopangusa kioo haizuii mvua yote. Maji hupita, hushuka ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vilivyo ukingo wa chini. Kinachoyazuia yasiingie kwako ni karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi nyuma ya kava ya mlango. Nailoni hiyo ikichanika, au ikivuliwa na kurudishwa ovyo, maji huteleza juu yake, hupita ukingo wa mlango na kuingia kwenye kapeti.

Tukafungua kava. Nailoni ilikuwa imekatwa kwa kisu ili waya wa spika upite, na kipande cha chini kilining'inia nje. Nikamkabidhi mwalimu tochi, nikachota maji kwa kopo, nikayamimina polepole kwenye kioo kwa nje. Yakapotea ndani ya mlango. Tukasubiri. Baada ya muda tone la kwanza likatokeza kwenye ule mkato, likafuatwa na la pili, kisha mchirizi mwembamba ukashuka moja kwa moja hadi kwenye kapeti. Vile vitundu vya chini, vilivyozibwa na udongo mgumu, havikutoa hata tone. Mwalimu alinyamaza, akaniomba nimimine tena.

Dawa yake haikuwa ghali: nailoni nzito mpya, gundi ya utepe mweusi isiyokauka, na waya wa spika kupitishwa juu badala ya chini. Ukingo wa chini wa nailoni lazima uingizwe ndani ya mlango ili maji yadondokee ndani. Vitundu tulivizibua kwa waya. Lililotuchukua muda ni lile tundu la drili. Bati lililotobolewa bila kupakwa rangi huanza kutu, na siku barabara ikifurika maji yanapanda kupitia hapo hapo. Fundi anayetaka kukutobolea sakafu amekiri kwamba hajui maji yanaingilia wapi. Mkatalie.

Swali la jua na mvua linaokoa muda mwingi. Sakafu ya mbele ikilowa siku ya jua kali, kwanza angalia AC. AC hukamua unyevu wa hewani, na maji yake hutoka kwa kimpira kinachodondoshea chini ya gari. Kikiziba, maji hurudi miguuni pa abiria. Washa AC kwa dakika kadhaa gari likiwa limesimama: joto letu la pwani lingepaswa kukupa matone chini. Yasipoonekana, umeshapata pa kuanzia. Kama maji ya rejeta nayo yanapungua bila sababu, shuku kirejeta kidogo cha hita kilicho nyuma ya dashibodi.

Mwenye kuegesha chini ya mwarobaini ana tatizo lake la pekee. Vijani vile vidogo hupenya kwenye wavu ulio chini ya waipa na kuziba njia za kutolea maji. Mvua kubwa ikija, maji hujaa pale na kumwagikia kwenye tundu la feni, ambalo kwa magari yetu ya usukani wa kulia liko upande wa abiria. Fungua wavu, zoa majani kwa mkono, kisha mwaga kopo la maji kila upande uone kama yanatoka nyuma ya tairi za mbele.

Kwa nyuma kunahitajika subira na watu wawili. Toa kila kitu kwenye buti pamoja na spea, kausha bati kabisa, nyunyiza poda ya mtoto kwenye mishono na kuzunguka taa. Mmoja aingie ndani na tochi, mlango ufungwe. Wa nje atumie mpira wa maji wa kawaida, bila presha, akianzia chini: bampa, halafu taa, halafu raba ya mlango, mwisho paa. Kila sehemu apewe dakika tano mpaka kumi. Akianzia juu, maji yatashukia kila mahali na hamtajua lipi ni lipi. Tone likiingia litachora mstari kwenye poda, nanyi mtaufuata kurudi juu. Angalieni gasketi za taa, vipepeo vya raba vya kutolea hewa vilivyojificha nyuma ya bampa, mishono ya paa chini ya zile pindo nyeusi za plastiki, na kitako cha antena. Kama kunalowa baada ya kuosha kioo cha nyuma tu, mpira wa maji ya waipa umechomoka.

Raba ya mlango hupimwa kwa kipande cha gazeti. Kibane mlangoni, kivute. Kikitoka bila kushikwa, raba haibani hapo.

Mkishapaona, ndipo gundi ije. Silikoni inayonuka siki hula bati, msiitumie. Tafuteni gundi ya polyurethane wanayotumia mafundi wa vioo, na bati liwe safi, kavu, lisilo na silikoni ya zamani.

Kapeti nalo lisikaushwe juu juu. Chini yake kuna sponji inayobaki na maji wiki nzima huku juu pakiguswa pakavu. Linyanyue lote, lianikwe juani. Kabla ya kung'oa viti chomoa betri na usubiri kidogo, kwa kuwa chini yake hupita nyaya, na nyaya za eabegi hazichezewi.

Kapeti la mwalimu lilikaa barazani kwake mpaka mvua kubwa ikanyesha. Asubuhi yake alipapasa sakafu tupu kwa kiganja, akaikuta kavu, ndipo akaniletea gari turudishie. Nawe ukipeleka lako kwa fundi, usilipie gundi kabla hajakuonyesha kwa macho yako tone linapoingilia.