Mpilipili mbuzi hautaki kubembelezwa

Gengeni pilipili mbuzi huuzwa kwa fungu, tatu au nne kando ya ndimu, na mara nyingi zimeshaanza kusinyaa. Kwa kachumbari ya haraka si neno. Lakini anayetia pilipili nzima juu ya mchuzi wa samaki bila kuipasua, akitafuta harufu kuliko ukali, anataka iliyochumwa siku hiyohiyo. Sioni sababu nyingine ya maana ya mtu wa Dar es Salaam asiye na shamba kupanda mpilipili uani. Fedha anayookoa ni ndogo mno.

Na kama nafasi ni ya mti mmoja, uwe wa mbuzi. Pilipili kichaa, kwa wasifu wake wote, haiishindi kwa ukali: kwa kipimo alichobuni mfamasia Wilbur Scoville mwaka 1912, jamii ya habanero, ambayo ndiyo ya mbuzi, hufika kati ya 100,000 na 350,000, ilhali kichaa huwa kati ya 50,000 na 100,000. Tena kichaa hupandwa na ndege bila kuombwa. Ndege hawasikii ule muwasho. Mwaka 2001 Joshua Tewksbury na Gary Nabhan walichapisha utafiti wao wa pilipili mwitu za Arizona, Marekani: panya walizikwepa, na hata walipolishwa aina isiyowasha, mbegu zilizopita tumboni mwao hazikuota, zilizopita kwa ndege ziliota. Ukali, basi, ni ulinzi dhidi ya wenye meno. Binadamu tu ndiye aliyeupenda.

Mbegu zitoe kwenye tunda lililoiva kabisa, uzianike kivulini siku chache, kisha uzisie juujuu kwenye beseni bovu lililotobolewa. Joto la pwani linatosha. Wiki mbili hivi miche huwa imechomoza. Ikifikisha majani manne hadi sita, ihamishe jioni, mmoja mmoja, kwenye ndoo za lita 20 zenye matundu chini. Jaza udongo wa juu, samadi iliyooza na mchanga kidogo. Usitumie udongo uliootesha nyanya au bilinganya msimu uliopita, maana hizo ni ndugu za pilipili na magonjwa yao ni mamoja.

Mti ukishashika, mwenyewe ndipo anapoanza kuuharibu kwa mapenzi. Anamwagilia asubuhi na jioni, anaongeza samadi, mara kijiko cha urea. Mti unanawiri, majani mapana, majirani wanasifu, na pilipili hakuna hata moja! Naitrojeni ikizidi, mpilipili hushughulika na majani na kusahau maua. Maji yakituama, mizizi hukosa hewa na majani huwa ya njano. Mwenyewe hudhani ni kiu, akaongeza maji. Chomeka kidole kwenye udongo kwanza. Ukikuta unyevu, weka kopo chini. Majani kulegea saa nane mchana si hoja. Yakiwa bado yamelegea alfajiri, hapo ni kiu kweli. Kubembeleza kukome, lakini usije ukausahau mti ukiwa na matunda, kisha ukaufurikisha kwa mkupuo: matunda huoza kitako.

Januari na Februari maua hupukutika, na watu hukimbilia duka la pembejeo. Mara nyingi ni joto tu. Likipita nyuzi 32 hivi, maua mengi hayashiki. Sogeza ndoo mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, usubiri.

Dawa ninayoikubali ni ya vidukari na inzi weupe, wanaojificha chini ya majani, nayo ni maji ya sabuni kidogo au ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, hunyunyizwa jioni. Wadudu hao husambaza virusi. Majani machanga yakijikunja, yakawa na mabaka ya njano na mti ukadumaa, hakuna tiba: ng'oa, hata kama una maua.

Miezi mitatu hivi baada ya kuhamisha miche, utaanza kuchuma. Kata pamoja na kikonyo, zitakaa zaidi. Anayetaka harufu bila moto mwingi aondoe ule utando mweupe unaoshika mbegu. Ukali umejaa humo, wala si kwenye mbegu zenyewe kama wengi wanavyoshikilia. Kabla ya kazi hiyo jipake mafuta ya kupikia viganjani. Ukisahau, mikono ikawaka, maji matupu hayasaidii sana. Sugua mafuta kwanza, kisha sabuni, na macho usiyaguse hadi kesho.