Alitaka kusoma meno, nasi tukamcheka

Jioni ile tulikuwa watu saba sebuleni kwa yaya yangu, hapa Bukavu. Binti yake alikuwa amepata diplome ya serikali, ile tunayoita D6, sehemu ya biolojia na kemia. Wote tulijua tumeitwa kuzungumza juu ya iniversite. Pesa ilikuwa ya mtoto mmoja tu. Yaya aliiweka kidogo kidogo kwenye MUSO kwa miaka minne, akiuza sambaza.

Shemeji akamuuliza, "Binti yangu, unataka kusoma nini?"

Akajibu, "Baba, nataka kusoma usafi wa kinywa na meno."

Tulicheka. Mimi pia nilicheka. Shemeji akasema, "Kwa hiyo nilipe minervali ya miaka mitatu ili ujifunze kupiga mswaki?" Mtoto akainamisha kichwa, akanyamaza.

Wamama wapendwa, naandika habari hii kwa sababu najua kicheko kile kinaweza kutoka katika nyumba yoyote ya kwetu. Na najua kilikaribia kutupotezea nini.

Kila mimba na jino lake

Kesho yake binti alikuja kwangu kunisaidia kutwanga sombe. Tulipopumzika akaniuliza kwa heshima, "Mama mdogo, hayo meno yako manne yalitoka namna gani?"

Nikamwambia yale ambayo bibi yake alituambia sisi: kila mimba inaondoka na jino moja. Nina watoto wanne na mapengo manne, hesabu ilikuwa sawa. Nikamweleza jinsi fizi zilivyovimba kila nilipobeba mimba, na jinsi nilivyoacha kupiga mswaki kwa kuogopa damu. Baadaye jino lilianza kucheza, mwisho likatoka.

Akasema, "Mama mdogo, mtoto hachukui jino la mama yake." Akanieleza kwamba mimba inabadilisha homoni za mwili, na fizi zinavimba upesi zaidi zikiguswa na uchafu. Damu ile ilikuwa ishara ya kusafisha zaidi, tena kwa upole. Mimi nilifanya kinyume. Uchafu ukabaki, ukawa mgumu kama jiwe, ukashuka chini ya fizi na kulegeza jino kwenye mfupa wake. "Kama mtu angekusafisha na kukuonyesha," akasema, "labda ungekuwa nayo hata leo."

Nilikaa kimya na mchi mkononi. Kwa miaka yote ile niliwalaumu watoto wangu kwa mchezo. Jioni nilikwenda kumwona yaya, nikamwambia, "Huyu mtoto tumsikilize."

Kazi yenyewe ni ipi

Wengi wetu tunamjua munganga wa meno tu. Tunamwendea jino likiuma, naye analing'oa au analiziba. Mtaalamu wa usafi wa kinywa ni mtu mwingine, na kazi yake ni kuzuia mgonjwa asifike huko. Anaondoa ukoga uliokuwa mgumu. Anapima fizi kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita: fizi nzima inaruhusu kijiti kuingia milimita 1 hadi 3, na kikizama 4 au zaidi, kuna shida. Anapaka dawa ya kukinga meno ya watoto. Na sehemu kubwa ya kazi yake ni kufundisha, mmoja mmoja, darasani, na katika vikundi vya wamama.

Kazi hii ilianza kwa wanawake. Huko Bridgeport, Marekani, daktari wa meno Alfred Fones alimfundisha msaidizi wake Irene Newman kusafisha meno ya wagonjwa, mwaka 1906. Mwaka 1913 akafungua masomo kamili, na mwaka 1914 wanawake 27 wakahitimu. Kati yao walikuwamo walimu, wauguzi na wake za madaktari wa meno. Wengi walitumwa kwenye shule za mji ule kusafisha na kufundisha watoto.

Haja yake ni kubwa leo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba magonjwa ya kinywa yanawapata watu karibu bilioni 3.5, yaani karibu nusu ya dunia. Na tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2023, shirika hilo liliweka noma kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Noma inaanza kama kidonda kidogo cha fizi, hasa kwa mtoto wa miaka 2 hadi 6 mwenye utapiamlo au aliyetoka kuugua surua. Ikionekana mapema inatibiwa kwa dawa, usafi na chakula kizuri. Ikichelewa inakula shavu. Kati ya mapema na kuchelewa ni siku chache tu, na mtu wa kwanza kuona kinywa cha mtoto ni mama.

Wanasoma nini

Mjomba wake binti anaishi Pretoria, Afrika Kusini. Huko masomo haya ni digrii ya iniversite ya miaka mitatu. Mke wa mjomba ndiye aliyemsimulia binti kuhusu kazi hii.

Mwaka wa kwanza ni sayansi: mwili wa binadamu, kichwa na shingo kwa undani, vijidudu, kemia. Baadaye yanakuja magonjwa ya fizi, kuoza kwa meno, picha za eksirei, dawa, lishe, na namna ya kuzungumza na mgonjwa mwenye hofu. Mikono inaanza kujifunza kwenye vichwa vya bandia, halafu wanafunzi kwa wanafunzi, mwisho wagonjwa wenyewe chini ya macho ya mwalimu. Binti alituambia kwamba mkono wake ulitetemeka siku ya kwanza alipogusa fizi ya mtu hai.

Hapa kwetu Kongo, Iniversite ya Kinshasa ina fakilite ya udaktari wa meno, lakini hayo ni masomo marefu zaidi, na kutoka Bukavu ni safari ya ndege. Kigali, Iniversite ya Rwanda nayo ina shule ya meno. Kila njia ina bei yake.

Kabla ya kulipa, uliza

Shemeji alipokubali kusikiliza, alikataa kulipa mpaka maswali yajibiwe. Tulikasirika kidogo, lakini alikuwa na haki. Haya ndiyo maswali yake, yanafaa kwa masomo yoyote ya afya:

Kwanza, mwisho wa masomo mtoto anapewa karatasi gani? Cheti cha miezi sita cha kumsaidia munganga na digrii ya iniversite si kitu kimoja, hata kama majina yanafanana.

Pili, nchi ile inamruhusu kutumika? Afrika Kusini, mtu wa kazi hii lazima aandikishwe kwenye baraza la taifa la watumishi wa afya. Uliza kama shule inatambuliwa na baraza hilo.

Tatu, akirudi Kongo itakuwaje? Diplome ya nje inahitaji kupata ekivalansi kwenye wizara ya masomo ya juu. Weka nakala za kila karatasi tangu siku ya kwanza.

Nne, anasoma kwa lugha gani? Binti alitumia mwaka mzima kujifunza Kiingereza kabla ya kuanza. Ule mwaka nao ulikuwa na gharama zake.

Tano, wagonjwa wako wapi? Shule isiyo na kliniki haiwezi kufundisha mkono.

Kilichotufikia nyumbani

Leo binti yuko mwaka wa mwisho. Kila jumapili anamtumia mama yake ujumbe wa sauti, na yaya anatusikilizisha. Tumejua kwamba gego la kwanza la ukubwa linaota kwenye miaka 6, nyuma ya meno ya utoto, na wamama wengi tunaliacha lioze tukidhani litang'oka lenyewe. Tumejua kwamba dawa ya mswaki iwe na floridi, asubuhi na kabla ya kulala, na kwamba mtoto chini ya miaka 3 anatosheka na kiasi cha punje ya mchele. Tumejua pia kwamba chupa ya chai ya sukari ikibaki mdomoni usiku kucha inaozesha meno ya mbele.

Lakini ujumbe mmoja ulizidi yote. Jirani yetu alikuwa na mtoto wa miezi mitano, mwenye homa na kuhara. Bibi mmoja akachungulia kinywa chake na kusema ni "meno ya plastiki", yang'olewe. Wanyarwanda wanayaita ibyinyo, Waganda wanayaita ebino. Wengi tumeona namna yanavyotolewa: kwa kisu au njiti ya baiskeli, bila dawa ya ganzi.

Yaya alimpigia binti yake saa ile ile. Sauti ikatoka kwenye simu, "Mama, wazuie. Ule uvimbe mweupe ni chonge za utoto zinazojiandaa ndani ya fizi. Wakizichimba, mtoto anaweza kutoka damu nyingi, au kuambukizwa hata kufa, na homa yake itabaki pale pale. Mpelekeni kituo cha afya sasa hivi, na njiani mama aendelee kumnyonyesha."

Walimpima wakakuta malaria. Akatibiwa. Leo mtoto yule anakimbia uani, na chonge zake zimeota.

Shemeji alisikia habari hiyo mezani. Hakusema neno. Kesho yake alimtumia binti pesa ya kitabu alichokuwa akiomba tangu mwezi uliopita.

Hatujui bado atatumika wapi akimaliza. Anasema anataka kurudi, apite kwenye shule za msingi na vituo vya uzazi. Kazi ya namna hiyo hapa kwetu bado inahitaji kutafutiwa mahali, na deni la MUSO bado halijaisha. Yaya anajua hayo yote, na asubuhi bado anakwenda kuuza sambaza.

Kama nyumbani kwako kuna binti anayeomba kusoma kitu ambacho hukijui, mwache kwanza amalize kueleza. Na kama anataka kusoma meno, mje naye kwenye mkutano wetu wa jumanne. Yaya atakuja na karatasi zote, pamoja na hesabu ya gharama aliyoiandika kwenye daftari lake.