Kiti Kirefu cha Kale na Namna ya Kukichagua

Mwezi huu twataka kunena habari za kiti ambacho Wafaransa hukiita chaise longue, maana yake kiti kirefu. Ni kiti chenye egemeo upande mmoja, na mahali pa kukalia pamerefushwa hata mtu aweze kunyosha miguu yake yote. Si kitanda, wala si kiti tu. Kimesimama kati ya hivi viwili. Vipya viko madukani, walakini watu wengi hupenda vya kale, kwa kuwa mbao zake ni nzito na kazi yake ni ya mkono. Nasi tulipenda hivyo, tukapata hasara. Ndiyo sababu twaandika.

Mama yetu mzee alikuwa na uvimbe wa miguu, na mganga wa hospitali alimwagiza aiinue kila alasiri. Kitandani alikataa, akisema kulala mchana ni kwa wagonjwa, naye si mgonjwa. Basi tukaweka akiba miezi saba, tukaenda kwa mwuza vitu vikuukuu, tukaona kiti kirefu cha mahameli nyekundu, kimepambwa kwa vifungo. Mwenye duka akatuambia kina miaka 200. Tukapapasa mahameli, tukasifu rangi, tukalipa. Hatukukipindua. Masika yalipoingia tuliona unga mweupe sakafuni karibu na mguu wa nyuma, tukaufagia. Siku ya pili tukaufagia tena, wala hatukujiuliza watoka wapi. Wiki ya tatu mguu ule ulikatika Mama akiwa amekaa juu yake, akaanguka, akateguka mkono.

Seremala tuliyemwita, mzee mwenye maneno machache, alianza kwa jambo lile tuliloliacha: alikilaza kiti kifudifudi, akaondoa kitambaa cha chini. "Wanangu," akasema, "mlinunua kitambaa." Kisha akatuonyesha.

Kwanza ni bungua, yaani wadudu watobao mbao. Matundu yao ni madogo, upana wa milimita moja au mbili. Tundu la zamani limeingia vumbi na ndani ni jeusi. Tundu jipya ni safi, na ukigonga mti unga hudondoka. Matundu ya zamani si sababu ya kukikataa kiti, ikiwa mti bado ni mgumu ukiuchoma kwa ncha ya msumari. Lakini penye unga mpya, kiti hicho kisipite mlangoni kabla ya kutiwa dawa, maana wadudu huhamia mbao nyingine. Kabati letu la vitabu lilikwisha kuambukizwa. Tena tazama mishono na mikunjo ya kitambaa, kwa ajili ya kunguni.

Pili ni umri. Parafujo za kiti chetu zilikuwa na alama ya msalaba kichwani, na parafujo za namna hiyo zilianza kuuzwa katika miaka ya 1930. Za kale, kabla ya katikati ya karne ya 19, kwa kawaida zilikuwa na ncha butu. Mbao za ndani zilikuwa na mistari ya kupinda kama upinde, nayo ni alama ya msumeno wa duara, ambao ulienea katika karne ya 19; msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyoka. Parafujo moja ngeni yaweza kuwa kazi ya fundi aliyetengeneza kiti baadaye, lakini zote zikiwa ngeni, na mbao pia, hapana shaka tena. Tulilipa bei ya babu, tukapewa mjukuu.

Yafaa kujua pia kwamba mti hunywea kwa miaka mingi, nao hunywea zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Tena mguu uliochongwa mviringo zamani sana, ukiupima pande mbili, waweza kuukuta umekuwa kama yai kidogo. Springi za chuma zilienea katika karne ya 19. Kiti cha mwaka 1760 chenye springi kimefumuliwa na kujazwa upya, na hilo si kosa, ila bei ishuke. Vya kale vilijazwa singa za farasi. Sponji ni ya karne ya 20.

Kwa habari ya namna zake, Wafaransa wa karne ya 18 walikuwa na duchesse, na nyingine iliyogawanyika vipande viwili au vitatu, iitwayo duchesse brisée. Baadaye ikaja méridienne, ya kupumzikia adhuhuri, ambayo upande wa kichwa ni mrefu kuliko wa miguu. Tena kuna récamier, iliyopewa jina la bibi Juliette Récamier, ambaye Jacques-Louis David alianza kumchora mwaka 1800 amejinyosha juu yake. Picha hiyo haikumalizika, nayo i katika Louvre. Mafundi wakuu wa Paris, tangu katikati ya karne ya 18 hata mwaka 1791, waliamriwa kugonga majina yao katika mti. Utafute muhuri huo chini ya kiti, lakini usiuamini peke yake, kwa kuwa wadanganyifu nao wanajua kugonga muhuri.

Kabla ya kulipa, pima mlango wa nyumba na pembe ya ukumbi. Tazama pia egemeo liko mkono gani, wa kuume au wa kushoto, usije ukageuziwa uso ukutani na dirisha likawa kisogoni. Kwa mzee, kikao kisiwe chini mno. Sentimita 45 humsaidia kusimama; vingi vya kale ni vifupi kuliko hivyo.

Fedha iliyosalia haikutosha chaise longue nyingine. Yule seremala akatupeleka kuona kiti kirefu cha nchi za joto, kile chenye mikono mirefu ya kuwekea miguu, kilichosukwa kwa henzirani, ambacho walowezi walikitumia barazani huko Uhindini na hapa Afrika Mashariki. Safari hii tulikipindua wenyewe. Tukagonga kila mguu, tukaitikisa mikono, tukabonyeza henzirani kwa kiganja. Ilikuwa imekatika mahali pawili, na fundi akaisuka upya kwa siku nne. Haina mahameli, lakini hewa hupita, na wakati wa kaskazi Mama hatoki jasho.

Kila alasiri hujinyosha humo, miguu juu, mtandio usoni. Tukipita kwa kunyata hutuambia kwamba yuko macho.