Afya: Maumivu ya shingo, ni wakati gani IRM inahitajika?

Mama anayebeba gunia la makala, kijana anayesukuma chukudu, fundi anayeinamia cherehani siku nzima: wote wanajua maumivu ya shingo. Mara nyingi yanatulia ndani ya wiki chache, kwa dawa za kutuliza na kupunguza mizigo. Hapo hakuna haja ya kuuza mbuzi juu ya kulipa IRM.

Lakini ndani ya mifupa ya shingo munapita kamba ya mishipa ya fahamu, inayopeleka amri za ubongo hadi ku mikono na miguu. Mifupa ikichakaa, kisahani cha katikati kikitoka fasi yake, ao kifua kikuu ao uvimbe ukishika mifupa, kamba hiyo inaweza kubanwa. Na wengine hawasikii hata maumivu makali.

Dalili za kuchunga ni hizi:

- vidole kushindwa kufunga vifungo vya shati ao kushika kalamu;
- miguu kuwa mizito, mtu anatembea akiyumba;
- mikono kufa ganzi;
- kusikia kama umeme unashuka mgongoni ukiinamisha kichwa;
- mkojo kuponyoka ao kukataa kutoka.

Wengi wanasema "ni uzee tu", wengine wanadhani ni kulogwa. Wakati huo siku zinapita, na kukawia kunaweza kuacha ulemavu wa kudumu. Upasuaji mara nyingi unazuia hali isizidi, ila haurudishi kila kilichopotea.

Munganga anaanza kwa kupima nguvu za mikono, namna ya kutembea, na kugonga magoti kwa nyundo ndogo. Akiona alama za kubanwa, ndipo IRM inahitajika haraka. Radio ya kawaida inaonyesha mifupa, skana inaonyesha mivunjiko vizuri zaidi. Kamba yenyewe, IRM ndiyo inaionyesha wazi.

Mashine hiyo inatumia sumaku yenye nguvu. Mwenye kifaa cha moyo, kipande cha risasi ao cha bomu mwilini aseme mapema, hata kama kidonda kilipona zamani.

Aliyeumia shingo ku ajali ya pikipiki asiinuliwe ovyo: kichwa kishikwe kibaki sawa na mwili. Naye mwenye maumivu ya shingo pamoja na homa na miguu kulegea, afike hospitali siku ile ile.