Huzuni ya Mgonjwa wa Kisukari

Likizo iliyopita nilimkuta mjomba wangu, mwenye ugonjwa wa kisukari, amelala mchana kutwa. Hakutaka kula wala kuzungumza, na vidonge vyake vilikaa mezani bila kuguswa. Sisi nyumbani tulimwita mvivu. Mimi nami nilisema hivyo, mpaka muuguzi wa zahanati aliponisahihisha. Niliyosikia kwake, na niliyosoma baadaye, napenda kuyaeleza hapa.

Kisukari ni ugonjwa ambao sukari huzidi katika damu, ama kwa kuwa kongosho haitoi insulini ya kutosha, ama kwa kuwa mwili hauitumii vema. Mgonjwa hana budi kuangalia chakula, dawa na miguu yake kila siku, wala hana siku ya kupumzika. Si ajabu basi kwamba wenye kisukari hupatwa na sonona kwa kiasi cha mara mbili ya watu wengine. Sonona si huzuni ya siku moja. Huzuni ikidumu majuma mawili au zaidi, mtu akakosa usingizi, hamu na nguvu, huo ni ugonjwa, si uvivu. Tena magonjwa haya mawili huchocheana: aliyekata tamaa huacha dawa, sukari hupanda, mwili huchoka, na tamaa huzidi kukatika.

Je, yawezekana kuuvunja mzunguko huu? Nchini Marekani, katika majimbo ya Indiana, Ohio na West Virginia, Dkt. Mary de Groot na wenzake walichunguza watu wazima 140 wenye kisukari cha aina ya pili pamoja na sonona. Wengine walifanya mazoezi kwa majuma 12. Wengine walizungumza na mtaalamu mara 10. Wengine walipata yote mawili. Na wengine waliendelea na matibabu ya kawaida tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Makundi matatu ya kwanza yalipata nafuu ya sonona kuliko lile la nne.

Sababu yake ni hii. Misuli ikifanya kazi hutumia sukari iliyomo katika damu, na mwili ukichangamka, moyo nao huchangamka. Mazungumzo nayo si porojo. Mgonjwa akisema, "Sukari imepanda, basi juhudi zangu zote ni bure," mtaalamu huipima kauli hiyo pamoja naye: jana alikula nini? Alitembea? Juma lililopita ilikuwaje? Kisha huchagua jambo moja dogo la kufanya kesho.

Lakini mgonjwa asiache dawa zake, na kabla ya kuanza mazoezi amwulize daktari. Anayetumia insulini abebe kitu kitamu, maana sukari yaweza kushuka mno, akatetemeka na kutoka jasho. Avae viatu visivyombana. Kutembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa juma, kwawafaa watu wengi.

Kabla ya kurudi shuleni nilimwambia mjomba, "Shikamoo mjomba, twende tutembee kidogo." Siku ya kwanza hatukufika mbali. Siku ya tatu alianza kusema mwenyewe, nami nilinyamaza nikasikiliza. Mwishowe alikubali kwenda kumweleza daktari habari za huzuni yake, si za sukari tu.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na mgonjwa kama huyu nyumbani, usimwite mvivu. Mwalike mtembee, nawe umsikilize.