Shakwe wa Kahawia Si Mgonjwa, Ni Mtoto

Majira ya baridi shakwe hujaa kwenye bwawa la Welsh Harp, jirani na Kingsbury, lililojengwa miaka ya 1830 ili kulisha Regent's Canal. Watoto wakiona mmoja mweupe na mwenzake mwenye mabaka ya kahawia, wazazi wengi hujibu kwamba ni aina mbili, au kwamba yule mchafu anaumwa. Mara nyingi ni aina moja, umri tofauti. Wodini hatusomi mapigo ya moyo ya mtoto bila kuuliza umri wake. Kwa shakwe ni vilevile.

Anzeni na yule mdogo, shakwe kichwa-cheusi. Msikitafute hicho kichwa cheusi wakati wa baridi: rangi hupotea, hubaki doa nyuma ya jicho. Mkubwa ana mdomo na miguu ya rangi nyekundu, na mkia mweupe. Aliyeanguliwa kiangazi kilichopita ana ufito mweusi mwishoni mwa mkia, kahawia bawani, na miguu ya rangi ya chungwa iliyofifia. Sababu ni kwamba kinda hubadili kwanza manyoya ya kichwani na mwilini. Ya mkiani na yale marefu ya kurukia hukaa nayo hadi mwaka unaofuata. Ni kama mtoto aliyenunuliwa shati la Idi, suruali ikabaki ya mwaka jana.

Shakwe wakubwa huchukua kama miaka minne. Yule wa mgongo wa kijivu huanza akiwa kahawia mwili mzima, mdomo mweusi. Mwaka wa pili kijivu huchungulia mgongoni. Akikomaa, mdomo ni wa manjano wenye doa jekundu.

Kazi ngumu ni kumtenganisha kinda huyo na kinda wa shakwe mgongo-mweusi. Msubirini aruke: wa kwanza ana sehemu iliyopauka katikati ya manyoya ya kurukia, wa pili ana bawa jeusi lote.

Anayeumwa kweli hulegeza mabawa, hupinda shingo, wala hakimbii mtu. Mwaka 2023 mafua ya ndege yaliua shakwe kichwa-cheusi wengi Uingereza, kwa hiyo watoto wasiguse ndege mgonjwa wala mzoga.

Shakwe mgongo-mweusi hushuka pia hadi Ziwa Victoria kukwepa baridi. Mkienda Mwanza au Kisumu likizo ya Desemba, wapelekeni watoto ufukweni wahesabu wangapi bado wana kahawia.