Kutuma bure, kutoa si bure: mwaka ambao malipo ya majani chai yalihamia kwenye simu

Ukishika barabara ya kutoka Kericho kuelekea Litein, chai inakusindikiza kushoto na kulia mpaka unasahau kwamba kuna mimea mingine duniani. Baadhi yetu tunaoandika hapa ni watoto wa huko, wa Bureti na wa Konoin. Machi 2020 tulikuwa bado vyuoni. Tarehe 13, siku ya Ijumaa, Kenya ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza wa corona. Jumapili yake Rais Uhuru Kenyatta akafunga shule zote, na sisi wa vyuo tukapewa mpaka Ijumaa tarehe 20 kuondoka. Tulifika nyumbani na mabegi na laptop. Jumatatu kikapu kilikuwa mgongoni.

Chai haingoji mtu. Ukiacha kuchuma wiki mbili, yale majani mawili na kichipukizi yanakomaa, na karani wa kiwanda anakurudishia. Tena mvua ya mwaka huo ilikuwa nzuri: mwaka 2020 Kenya ilivuna takriban kilo milioni 570 za chai, kutoka kama milioni 459 mwaka 2019. Kwa hivyo wakati hoteli za mijini zinafunga na vijana wa Nairobi wanaambiwa wakae nyumbani bila mshahara, huku kwetu kilichokuwa kinatafutwa ni mikono. Mtu yeyote aliyejua kuchuma alikuwa na kazi. Swali likawa analipwaje.

Hebu tueleze kwa wasiojua. Mkulima mdogo anayepeleka majani kwenye viwanda vya KTDA, kama Litein, Kapkatet au Mogogosiek, analipwa kila mwezi, halafu bonasi inakuja kama Oktoba. Lakini mchumaji hangoji mwezi wala bonasi. Yeye ni kibarua wa mkulima, na anataka pesa yake wikendi. Zamani, yaani mpaka Machi hiyo, Jumamosi ilikuwa siku ya noti. Mkulima anapita kwenye sacco yake, anarudi na bahasha, anakaa kwenye benchi nje ya nyumba na kufungua daftari la kilo. Anaita majina. Mnasalimiana, mnashikana mikono, chamgei, chamgei mising, chai inamiminwa. Noti inatoka mkononi mwake, inaingia mkononi mwako, na kabla ya saa kumi na mbili imeshafika kwa mwenye duka.

Ghafla noti ikawa kitu cha kuogopwa. Katika hotuba ile ile ya kufunga shule, Rais aliwahimiza Wakenya waache kushikana pesa na watumie simu. Siku iliyofuata Benki Kuu ikatangaza kwamba kutuma hadi shilingi 1,000 hakutakuwa na ada, na kwamba mtu anaweza kutuma hadi 150,000 kwa mara moja badala ya 70,000. Hizo 150,000, kusema kweli, hazikuwahusu wachumaji. Ile 1,000 ndiyo iliwahusu, kwa sababu malipo mengi ya wiki ya kuchuma huanguka hapo hapo.

Basi wakulima wakaanza kusema, “Nitakutumia.” Sisi watu wa malipo ya simu tungeweza kuishia hapo na kupiga makofi. Lakini tulikuwa tunachuma pia, na tuliona kitu ambacho mabango hayakusema. Kutuma kulikuwa bure. Kutoa hakukuwa bure.

Fanya hesabu nasi. Tuseme wiki hiyo umechuma kilo 120, na mmepatana shilingi 8 kwa kilo. Hiyo ni 960. Mkulima anatuma bila kukatwa hata senti, anaridhika, amefuata maagizo ya serikali. Wewe unaenda kwa wakala. Kwa ada za M-Pesa za wakati huo, kutoa pesa yoyote kati ya 101 na 2,500 kulikuwa shilingi 28. Ishirini na nane ni kilo tatu na nusu za majani. Kama mkulima anakulipa kila siku na wewe unatoa kila siku, mara tatu kwa wiki, umechuma kilo kumi na nusu kwa ajili ya wakala. Yule aliyekuwa akitoa gharama mfukoni, nauli ya kwenda sacco na kurudi, sasa hakuwa na gharama. Ilikuwa imehamia kwa mwenye kikapu.

Haikuchukua muda watu wakajua dawa. Ya kwanza ilikuwa kuacha pesa ikae kwenye simu mpaka ifike kama 2,400, halafu kutoa mara moja kwa hizo hizo 28. Ya pili ilikuwa bora zaidi, na ilianzia kwa wenye maduka: usitoe kabisa. Ukitaka unga, sabuni na mafuta ya taa, unamtumia mwenye duka 640 kwenye namba yake, bure, na yeye anamtumia wa jumla mjini. Kuna wiki ambazo pesa ya majani ilizunguka mkulima, mchumaji, duka na boda bila kuguswa na mtu. Ni vile tu yule wakala wa karibu na kituo cha majani alibaki na daftari moja na biro moja, na kila aliyekuja kutoa pesa aliandika jina na kuweka sahihi. Noti zilikwepwa, biro ilishikwa na kijiji kizima. Baadaye akaifunga kwa kamba na kuweka kibuyu chirizi na sabuni mlangoni.

Kafyu nayo ilikuwa na mambo yake. Kuanzia tarehe 27 Machi ilikuwa saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Msimu wa majani mengi lori la kiwanda huchelewa, na kabla ya corona haikuwa ajabu kulisubiri mpaka usiku. Sasa kila mtu alitaka kupima kabla jua halijashuka, halafu akimbie kwa wakala ambaye naye anafunga mapema ili afike kwake. Ukifika saa kumi na moja na nusu unakuta foleni imeachana mita moja moja mpaka barabarani, na floti imeisha. Ndiyo maana tunarudia kila mara kwamba pesa iliyo kwenye simu si lazima itolewe siku ile ile imeingia. Kuna waliotoa kwa haraka jioni ya kafyu wakaandika namba ya wakala vibaya.

Lakini jambo lililotukaa zaidi ni la kogo mmoja, jirani yetu. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na kila mtu kwenye shamba lile alimwita hivyo. Alikuwa anachuma kuliko sisi vijana wote, na hakuwa na simu. Kitambulisho chake kilikuwa kimepotea miaka mingi nyuma, na bila kitambulisho huwezi kusajili laini. Zamani hilo halikuwa shida, kwa sababu noti haiulizi kitambulisho. Aprili ikawa shida. Mkulima alimuuliza amtumie kwa namba ya nani, na kogo akataja ya kijana mmoja wa jirani mwenye boda.

Wiki ya kwanza zilifika zote ukitoa 28. Wiki ya pili akakuta pungufu ya 80, akaambiwa ni ada. Ya tatu akaambiwa mtandao ulikuwa chini, asubiri. Kijana huyo hakuwa mwizi wa kuogopwa. Alikuwa mtu wa boda wakati hakuna abiria, anadaiwa, na pesa ya mwingine imekaa kwenye simu yake ikimtazama. Kogo hakuwa na namna ya kubishana. Ujumbe unaosema umepokea kiasi fulani saa fulani uliingia kwenye simu ya kijana, na kijana akaufuta. Alichokuwa nacho kogo ni kilo alizozikariri kichwani, na kichwa si risiti.

Mmoja wetu alianza kumwandikia kilo zake kwenye daftari la shule lililokuwa halina kazi, kila jioni, na mkulima akakubali kusaini Jumamosi. Pia akakubali kumsomea kogo kwa sauti ujumbe wa kutuma kutoka simu yake yeye mkulima. Yule anayetuma ana ujumbe pia, wenye kiasi, tarehe na jina la aliyepokea. Watu husahau hilo. Ukituma mshahara wa mtu kwenye laini ya mwingine, huo ujumbe ni haki ya mwenye jasho, na usiufute mpaka aseme pesa imemfikia. Baada ya wiki mbili za kusomewa, ada ya kijana ilirudi kuwa 28.

Kulikuwa na wengine kama kogo. Wasichana wa miaka kumi na sita waliokuwa nyumbani kwa sababu shule zimefungwa, wakichuma na mama zao, wote pesa zao zilipita kwa laini ya mtu mwingine, mara nyingi ya baba. Shule zilifunguka kidogo tarehe 12 Oktoba, kwa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 tu, wengine wakangoja mpaka Januari 2021. Hiyo ni miezi mingi ya kuchuma bila kuona salio lako.

Tulijifunza pia habari za kugawanya. Mwaka huo mkulima aliyetaka kumlipa mtu 2,500 bila ada alituma 1,000, tena 1,000, halafu 500. Wengi walifanya. Shida ni kwamba ukiandika namba mara tatu una nafasi tatu za kukosea, na tulishuhudia 1,000 ya katikati ikienda kwa mtu wa Busia. Subiri jina lije kwenye skrini, ulisome, ndipo ukubali. Ukikosea kwenye M-Pesa, tuma ule ujumbe wa muamala kwa 456 hapo hapo, kabla aliyepokea hajafika dukani. Na hapo ndipo matapeli walipopata mlango: mtu anakuandikia kwamba amekutumia kimakosa, umrudishie, ni pesa ya dawa. Angalia salio lako lenyewe kwanza, usiangalie ujumbe wake. Wa laini ya Safaricom wanaweza kupeleka jumbe kama hizo kwa 333. Mwaka ule zilikuja na nguo mpya, za msaada wa corona, na mama mmoja pale kwetu alitoa PIN akidhani ni serikali.

Halafu kuna pesa iliyogeuza njia. Tumezoea kwamba mtoto akienda Nairobi, pesa inatoka Nairobi kuja nyumbani. Tarehe 6 Aprili Nairobi ilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na ikabaki hivyo mpaka tarehe 7 Julai. Wale waliopoteza kazi kule hawangeweza hata kurudi kuchuma. Kwa hiyo wazazi wenye chai walianza kutuma: 500 ya kodi ya nyumba, 300 ya chakula, 900 ikiwa wiki ilikuwa nzuri. Tulimwona baba wa makamo, mtu wa heshima zake, akimuuliza mwanawe kwa simu kama ameshapata, naye anajibu kwa sauti ya chini. Hakuna aliyezoea kuitumia njia hiyo kwenda upande huo. Matanga nayo yakawa ya watu kumi na tano makaburini, na waliozoea kuja na sufuria na kuni wakaambiwa watume kwa namba ya mweka hazina. Walituma. Lakini kwetu, jina lako kusomwa kwenye orodha si sawa na kuonekana umeketi pale, na kuna familia ambazo bado hazijasamehewa kutofika.

Msamaha wa ada uliongezwa muda, ukaisha tarehe 31 Desemba 2020. Januari ada za M-Pesa zikarudi zikiwa zimepunguzwa: kutuma hadi 100 kukabaki bure, kati ya 101 na 500 kukawa shilingi 6 badala ya 11, na mpaka 1,000 shilingi 12 badala ya 15. Tulidhani wakulima wengi wangerudi kwenye bahasha. Wachache walirudi. Wengi walikuwa wameona faida ya kutobeba pesa barabarani, na sasa ada ya kutuma ni juu ya anayetuma, jambo ambalo baadhi yao wanalikata kwenye kilo za mchumaji bila kumwambia. Kama unachuma, uliza kabla ya kuanza wiki: bei ya kilo ni ya kabla ya ada au baada?

Kogo alipata kitambulisho kipya, baada ya safari nyingi kwa chifu na barua. Mjukuu wake akamnunulia kabambe ya mtumba na wakasajili laini kwa jina lake. Mvua ya Konoin huja mchana bila hodi, kwa hiyo simu inakaa ndani ya mfuko wa sukari, mfuko ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya sweta. Tulipomtembelea, ujumbe uliingia akiwa katikati ya mstari wa chai. Hakuusoma hapo. Alimaliza mstari, akaweka kikapu chini, akafuta mikono kwa aproni na kufungua mafurushi yote matatu. Kijana wa boda alikuwa amesimama kando akingoja kumpeleka kituo cha majani, na akajitolea kumsomea. Kogo akamgeuzia mgongo na kusoma namba moja moja mwenyewe, polepole, kwa midomo.